Barua ya Shekhe Haitoshi: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

SWALI: Asalaam alaykum. Nimeolewa mwaka wa tisa sasa, tunakaa Makorora, watoto wana miaka 6 na 3. Mume wangu hunipiga. Kila akinipiga wazee wanakaa, anaomba radhi, mwezi ukiisha yanarudi. Safari hii shekhe wa mtaani katuandikia barua kwamba tumeshindwana. Nimeipeleka mahakamani, karani kaniambia haifai. Nyumba tumejenga kwenye kiwanja chenye jina lake. Mimi nakaanga samaki, nauza Deep Sea. Nitatoka mikono mitupu?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu, na pole sana. Tuanze na kipigo, kwa sababu kinaweza kukuua wakati bado unahangaikia karatasi.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kwenye Kanuni ya Adhabu, shambulio la kawaida lina kifungo cha hadi mwaka 1. Likisababisha madhara ya mwili, hadi miaka 5. Radhi ya mbele ya wazee haifuti kosa hilo. Kama alama bado zipo, nenda leo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, kisha nenda hospitali ya Bombo. Ukiwa unavuja damu au umezirai, hospitali kwanza, PF3 itafuata.

Kesi nyingi hufia kwenye hiyo PF3. Mama anaona haya, anamwambia daktari "nimeanguka bafuni", daktari anaandika hivyo hivyo, na miezi baadaye wakili wa mume anaisoma kwa sauti mahakamani. Mwambie daktari ni nani kakupiga, kwa nini na wapi. Mwombe aandike kila jeraha lilipo na ukubwa wake, hata lile la chini ya nywele. Kabla hujairudisha polisi, toa nakala na uipeleke kwa mtu asiyekaa nyumba moja nawe. Nguo zenye damu usizifue.

Sasa ile barua. Karani yuko sahihi, ingawa alipaswa kukueleza. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza ni mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Shekhe mmoja, hata awe mwadilifu vipi, si baraza. Kinachotakiwa ni hati rasmi, wengi huiita Fomu Na. 3, inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha. Kwa kuwa nyote ni Waislamu, anzia baraza la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Pasipokuwa na baraza la jumuiya yenu, ni la kata anakoishi mume. Hili la mwisho huwaponza waliokimbilia kwa wazazi Muheza au Korogwe wakafungua shauri huko. Kabla hujaondoka na hati, isome: ina neno kwamba usuluhishi umeshindikana? Ina tarehe? Ombi la talaka lazima lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe, na tumeona wengi wakiiweka kabatini wakisubiri mume abadilike, kisha wakalazimika kuanza upya.

Akikataa wito wa baraza makusudi, hakufungi. Sheria inaruhusu uende mahakamani bila usuluhishi, ila hakikisha baraza limeandika kwamba aliitwa na hakuja.

Na akikuandikia talaka nyumbani? Kwa ndoa ya Kiislamu, baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa, kisha akatoa talaka, kifungu cha 107 kinaitaka mahakama ione ndoa imevunjika na itoe amri. Lakini amri ni ya mahakama, na bila amri hiyo hakuna mgawanyo wa mali. Mahakama ya Mwanzo inatosha, huna haja ya kuanza juu.

Mikono mitupu hutoki. Kifungu cha 114 kinagawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango. Jina kwenye karatasi ya kiwanja halimalizi hoja. Lakini kukubaliwa kuwa ulichangia ni jambo moja, kupata fungu zuri ni jingine, na hapo ndipo ushahidi wa biashara yako unapohitajika: daftari la kikoba, risiti za saruji na mabati, ujumbe wa simu wa pesa ulizomtumia fundi, jina la fundi mwenyewe. Vikusanye kabla mume hajajua unakwenda mahakamani.

Hawezi pia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako. Ni kifungu cha 59. Kama kiwanja kina hati, weka zuio kwa msajili wa hati. Kama hakina, andika barua kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana huko ndiko mnunuzi atakapokuja kuuliza.

Watoto wote wako chini ya miaka 7, na sheria inaanza kwa kudhani ni vema wakae na mama. Baba anaweza kuipinga dhana hiyo kwa ushahidi. Omba amri ya matunzo yao katika shauri hilo hilo, na omba pia mahakama imkataze mumeo kukufuata na kukusumbua. Hapa sheria yetu ina pengo kubwa na linatuuma: amri hiyo imefungwa kwenye shauri la ndoa, na hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani inayompa mke kinga ya haraka usiku ule ule. Mpaka itungwe, panga pa kulala kabla ya kumpelekea wito.

SWALI: Jirani yetu Ngamiani anapigwa usiku, watoto wanalia. Nikiripoti si nitaitwa mfitini?

JIBU: Huenda ukaitwa. Ripoti. Polisi ni 112. Kwa watoto piga 116, haina malipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa mtoto anapotendewa vibaya.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, Duga. Tunaambiwa kamati yetu izuie ukatili kabla haujatokea. Zaidi ya semina, tufanye nini?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, kamati yako ipo kwa mujibu wa MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na awamu ya pili inakwenda 2024/25 hadi 2028/29, kwa hiyo una haki ya kudai nafasi yake kwenye bajeti ya kata. Fungueni daftari moja linalofungiwa: tarehe, kilichosemwa, hatua iliyochukuliwa, nani anafuatilia na lini. Nyumba ikiandikwa mara ya pili, afisa ustawi wa jamii apewe taarifa wiki hiyo hiyo. Msiwaweke mke na mume benchi moja kuwasikiliza, kwa sababu anayeogopa atasema yuko salama. Mke asikilizwe peke yake, na mjumbe mwanamke awepo. Ugomvi wa matumizi ya nyumbani suluhisheni. Jeraha, kisu, ubakaji au mtoto aliyeguswa si vya mezani kwenu. Faini ya mbuzi au laki mbili anayolipwa baba wa msichana inaua ushahidi, na mwathirika wa ubakaji anahitaji dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.