Tangi la kukausha linanguruma lakini halizunguki

Dada, kama tangi la kukausha la mashine yako ya kufulia linanguruma bila kuzunguka, mngurumo huo una maana umeme unafika kwenye mota. Basi swichi ya mfuniko na taima ziache kwanza, zikifa hizo huwa kimya kabisa. Na usiendelee kuiwasha "kuona kama itakubali", mota iliyokwama huchemka na kuungua.

Chomoa plagi kabisa, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Angalia kama soksi au kitambaa kimedondokea kati ya kikapu na tangi, ni jambo la kawaida sana kwenye hizi mashine za matangi mawili. Kisha fungua kifuniko cha nyuma, funga mfuniko wa juu (ukiwa wazi breki hubana, kwa hiyo usidanganyike na ugumu huo), uzungushe ekseli ya mota kwa mkono kutoka chini. Ikiwa ngumu, tazama waya wa breki: huwa umelegea au umeshika kutu, na breki haiachii. Ikizunguka laini, mshukiwa ni kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza kuzunguka).

Kapasita usiiguse mwenyewe, inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa nje. Fundi aitoe chaji, aipime, aweke yenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) zilezile, na volti zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani. Mafundi wengine hukimbilia kusema "mota imekufa", mwambie apime kapasita mbele yako kwanza. Ila kama ulishasikia harufu ya kuungua, hapo huenda anasema kweli.