Bibi Alikuwa Anampisha Nani? Kwa Unayependa Vitabu vya Maradhi ya Ubongo

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa namwona bibi yangu akifanya jambo nisilolielewa. Anakaa mkekani chini ya mwembe, hapa Tabora, anachambua karanga. Ghafla anausogeza ungo pembeni na kukunja miguu, kama mtu anayempisha mwenzake. Hapiti mtu. Anasubiri kidogo, anaurudisha ungo, anaendelea na kazi. Nyumbani tulisema ni uzee, na kwamba macho yamemwisha.

Kitabu ndicho kilichonifanya nimuulize. Lakini kabla ya hapo, vitabu vya aina hiyohiyo, vya maradhi ya ubongo, vilinifanya nimkosee mtu, ndiyo maana nataka tuzungumze namna ya kuvisoma.

Cha kwanza niliazimwa na mwalimu mwenzangu. Ni kile cha Oliver Sacks, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, cha mwaka 1985, chenye habari ya mwalimu wa muziki aliyeshika kichwa cha mkewe akidhani ni kofia yake. Macho ya mzee yule yalikuwa yanaona, ila ubongo ulishindwa kuviunganisha vipande hata vikawa sura ya mtu. Nilikimaliza kwa siku tatu nikiwa kama nimelewa. Nikaanza kuona wagonjwa kila mahali. Shemeji yangu mmoja alikuwa na tabia ya kupishana na watu njiani bila kusalimia, nami nikatangaza mbele ya ndugu, tukiwa tunakula, kwamba ubongo wake hautambui sura. Shemeji aliacha kula. Dada yangu hakulala usiku ule. Wiki mbili baadaye shemeji alipimwa macho, akapewa miwani, na sasa anakusalimia ukiwa bado uko ng'ambo ya barabara. Nilikwenda kumwomba radhi, na akanisamehe.

Kwa hiyo nakuomba: usimpe mtu jina la ugonjwa ulilolitoa kitabuni. Waandishi hawa huchagua kisa kimoja kati ya mamia waliyoyaona, tena kile kisichofanana na vingine. Nyumbani kwako, mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla, fikiria kwanza malaria, sukari iliyoshuka, maambukizi ya mkojo, au dawa mpya aliyoanzishwa. Mwahishe hospitali, kitabu utakimalizia baadaye.

Angalia pia kitabu kimeandikwa mwaka gani. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo, V. S. Ramachandran, aliwapa kioo watu waliokatwa mkono na bado wanausikia unauma. Mgonjwa anauweka mkono mzima mbele ya kioo, ubongo unaona kama mikono yote miwili ipo. Ukisoma habari hiyo utadhani tiba imepatikana. Tangu hapo imeonekana kwamba kioo huwasaidia baadhi tu.

Wala usidhani maajabu haya ni ya London na New York peke yake. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuwa anatibu watu wenye kifafa, na akaandika habari za watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vinainama mara kwa mara bila wao kutaka. Natamani siku moja visa vya namna hiyo viandikwe kwa Kiswahili, na mtu aliyekulia hapa.

Sasa nirudi kwa bibi. Katika kitabu cha Sacks cha 2012, kile cha maruweruwe, yaani kuona au kusikia visivyopo, nilikutana na habari ya mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva. Mwaka 1760 aliandika kuhusu babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mzee huyo alikuwa anaona watu, ndege na magari ya farasi ambayo hayapo, na akili yake ilikuwa timamu kabisa. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona, ikikosa picha kutoka machoni, hujitengenezea zake. Na picha hizo hazitoi sauti. Hapo nikaukumbuka ungo.

Kesho yake nilikwenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenza."

"Bibi, huwa unampisha nani hapa mkekani?"

Kwanza aliuliza nani yuko ndani. Nikamwambia tuko wawili tu.

"Watoto," akasema. "Wawili, siku nyingine watatu. Wana kofia nyekundu. Hawasemi kitu."

"Unawajua?"

"Siwajui. Na najua hawapo. Lakini utamkanyagaje mtoto?"

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alinielekezea uso wake, na macho yale yenye ukungu, akasema, "Mwanamke mzee wa huku aseme anaona watu?" Sikuwa na la kujibu. Kanda hii kuna vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na kosa lao lilikuwa macho mekundu tu, macho yaliyopigwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Bibi alinyamaza ili aishi.

Nilimsimulia habari ya mzee Lullin mwanzo mpaka mwisho. Aliniomba nirudie pale inaposemwa kwamba hakuwa mwendawazimu. Nikarudia. Kisha nikamwambia kwamba mimi si daktari, twende tukamwone wa macho. Daktari alikuta mtoto wa jicho macho yote mawili, bibi akafanyiwa upasuaji, moja baada ya jingine.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nilimkuta anapepeta karanga katikati ya mkeka, miguu kainyoosha. Nikamuuliza wale watoto wako wapi.

"Wamekwenda kwao," akasema. "Yule mdogo hakuaga."