Maswali na Majibu: Kocha Katimuliwa, Nani Aje?

Novemba ikifika, vyuo vya Marekani huanza kuwafungashia virago makocha wa mpira wa Kimarekani (football), na mimi huanza kupokea barua. Nimechagua chache. Zilizojaa matusi kwa wakurugenzi wa michezo nimeziweka kando, ingawa moja au mbili nimezisoma tena kwa raha zangu.

Timu yetu imepigwa mechi nne mfululizo. Wanangoja nini kumtimua kocha? (Msomaji, Omaha)

Wanangoja kalenda, ndugu yangu, na wewe wa Omaha ndiye ungepaswa kunifundisha mimi. Septemba 10, 2022, timu ya chuo kikuu cha jimbo lako, Nebraska, ilifungwa na Georgia Southern 45 kwa 42 pale pale nyumbani Lincoln. Kesho yake kocha Scott Frost akaambiwa kwaheri. Mkataba wake ulisema fidia ya kumwondoa ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5 ifikapo Oktoba 1. Zilibaki wiki tatu. Chuo kikaona afadhali kutupa milioni saba na nusu kuliko kumtazama mtu yule yule pembeni ya uwanja wiki nyingine tatu.

Wanaotetea uamuzi ule husema ulimpa mkurugenzi wa michezo muda wa kutafuta. Haya, tuhesabu. Aliyepatikana mwishoni mwa Novemba ni Matt Rhule, ambaye siku Frost anaondoka alikuwa bado kocha wa Carolina Panthers, timu ya ligi ya kulipwa, NFL. Panthers walimfukuza Oktoba 10. Maana yake wangengoja hadi Oktoba 1, wakalipa nusu, na bado wangempata mtu huyo huyo. Hasira ya Jumamosi usiku ni ghali, na anayeilipia si yule aliyekasirika.

Hizo pesa za fidia zinatoka wapi? Mwanangu analipa ada chuoni. (Mzazi, Minneapolis)

Kwenye vyuo vikubwa, idara ya michezo hujiendesha kwa haki za televisheni, viingilio na wafadhili. Texas A&M ilipomfukuza kocha Jimbo Fisher Novemba 2023, siku moja baada ya kushinda 51 kwa 10, ilijifunga kumlipa zaidi ya dola milioni 75. Mkataba wa kwanza wa 2017 ulikuwa wa miaka 10 na kila senti imehakikishwa. Mwaka 2021, wakati hakuna aliyewashikia bunduki, wakauongeza hadi 2031. Kibaya zaidi, haukuwa na kipengele cha kupunguza malipo akipata kazi kwingine. Angeweza kuajiriwa kesho yake na A&M wakaendelea kulipa vile vile.

Mnaniandikia kila mwaka kwamba makocha ni walafi. Mimi simlaumu mtu anayesaini karatasi aliyowekewa mezani. Namlaumu aliyeiandika, na tajiri aliye nyuma yake anayepiga simu kumwambia "mpe anachotaka."

Ila wewe mzazi, tazama upande wa pili. Vyuo vidogo visivyo na televisheni ya maana huendesha michezo kwa ada ya wanafunzi wote, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani. Chukua karatasi ya ada ya mwanao, usome mstari kwa mstari. Ukiona ada ya michezo, basi nawe ni mfadhili, tena usiyealikwa kwenye kikao.

Nani atakuwa kocha wetu mpya?

Wa chuo gani? Vinavyocheza daraja la juu ni zaidi ya 130.

Mzee, shikamoo. Kwa nini wasimrudishe mwana wa nyumbani, mtu anayeipenda jezi? (Msomaji, Lincoln)

Marahaba. Lincoln tena! Nyie watu mna kumbukumbu fupi kiasi gani? Frost alizaliwa hapo hapo Lincoln. Alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, wa timu ya Nebraska ya 1997 iliyotwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 2017 aliiongoza UCF, chuo cha Florida, msimu mzima bila kupoteza mechi, timu ambayo miaka miwili kabla haikuwa imeshinda hata moja. Akarudi nyumbani kama masihi, akaondoka na ushindi 16 na vipigo 31.

Msimu wa 2021 utazame kwa karibu: alipoteza mechi tisa, na zote tisa kwa tofauti isiyofika pointi kumi. Mechi moja mkwaju mbovu, nyingine mpira umeponyoka mkononi, nyingine uamuzi wa ajabu robo ya nne. Hiyo ni timu yenye wachezaji wa kutosha ila haijafundishwa mambo madogo. Mapenzi ya jezi hayafundishi timu maalumu, kile kikosi cha mikwaju, kuzuia mkwaju.

Frost alijenga mara moja, haraka, akahama kabla paa halijaanza kuvuja. Pale UCF alikaa misimu miwili tu. Nebraska wakaona rekodi, hawakuona muda.

Na msije mkaniambia mbona Kirby Smart, aliyecheza Georgia, ameipa Georgia ubingwa wa 2021 na wa 2022. Smart alikaa miaka chini ya Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama, akijifunza kazi. Angekuwa mzaliwa wa Alaska angeshinda vile vile.

Wamchukue basi kocha wa NFL, amezoea presha. (Msomaji, Houston)

Amezoea presha, hajazoea kubembeleza. Kule juu wachezaji wapya hugawiwa timu kwa zamu. Chuoni kocha huenda kukaa sebuleni kwa mama wa kijana wa miaka 17, anakula alichopikiwa na kukisifia, kisha wiki ijayo anarudi. Bill Belichick, mwenye mataji sita ya Super Bowl akiwa kocha mkuu, alianza North Carolina mwaka 2025 kwa kufungwa 48 kwa 14 na TCU, akamaliza msimu na ushindi mechi nne na vipigo vinane.

Hata hivyo sikatai moja kwa moja. Pete Carroll alifukuzwa New England ya NFL, na hakuwa chaguo la kwanza la chuo cha USC, lakini aliifanya timu ya kuogopwa nchi nzima. Saban naye alitoka Miami Dolphins ya NFL bila cha kujivunia kabla ya kutwaa mataji sita pale Alabama. Ila Saban alikuwa ameshakipa chuo cha LSU ubingwa wa 2003. Alirudi kwenye kazi anayoijua.

Lini mtaandika kuhusu mpira wa kweli, wa miguu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kurasa za Simba na Yanga zinakusubiri, kaka. Na huko nako makocha hawakai.

Wachezaji wengi ni weusi. Mbona makocha wakuu weusi wanahesabika? (Msomaji, Louisville)

Kwa sababu wanaochagua huchagua watu wanaofanana na watu wanaocheza nao gofu. SEC, ligi ya vyuo vya kusini, ilianzishwa 1932. Kocha mkuu wa kwanza mweusi, Sylvester Croom wa Mississippi State, aliingia uwanjani 2004. Januari 2025 Marcus Freeman wa Notre Dame ndiye alikuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza kufika fainali ya taifa.

Lakini mlango wa kuingilia ni nusu ya habari. Tazama na wa kutokea. Kansas ilimpa Turner Gill misimu miwili, ikamwondoa. Florida State ilimfukuza Willie Taggart baada ya mechi 21. Frost, tuliyemtaja hapo juu, alipewa mechi 47. Sisemi Gill na Taggart walikuwa wanashinda, hawakuwa. Nasema subira haigawiwi sawa, na anayepewa timu mbovu kuliko zote kisha saa mkononi, mtego wake ulishategwa kabla hajasaini. Kocha kijana mweusi akiniomba ushauri nitamwambia: kazi ya kwanza usiikubali bila miaka mitano iliyohakikishwa.

Kamati ya kutafuta kocha hufanya nini hasa? Na sisi mashabiki tuna sauti? (Msomaji, Nashville)

Mara nyingi kamati hukaa kwenye picha ya pamoja. Kampuni ya kutafuta makocha hulipwa, mawakala huvujisha majina ya wateja wao ili waongezewe mshahara walipo, na watu watatu wenye pesa huamua. Jina likivuja mapema sana, jua wakala kashapata alichotaka.

Sauti mnayo, na wewe wa Tennessee umeona ilivyo na makali pande zote mbili. Novemba 26, 2017, habari zilivuja kwamba chuo kikuu cha Tennessee kimekubaliana na Greg Schiano awe kocha. Mashabiki wakawaka, wanasiasa wa jimbo wakaingia, na kufika jioni makubaliano yamekufa. Siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo John Currie naye akasimamishwa kazi. Akaletwa Phillip Fulmer, kocha wa zamani na kipenzi cha watu, awe mkurugenzi. Naye akamwajiri Jeremy Pruitt, ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote.

Pruitt alifukuzwa Januari 2021 kwa kashfa ya usajili. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipomaliza kuchunguza mwaka 2023 ilihesabu makosa zaidi ya 200 na kukitoza chuo faini ya zaidi ya dola milioni 8. Mwaka ule ule wa 2021 alipotoka Pruitt akaja Josh Heupel, mtu ambaye hakuna aliyeandamana kumtaka wala kumkataa, na msimu wake wa pili timu ikaifunga Alabama 52 kwa 49. Kelele zinaweza kumzuia mtu asije. Kuchagua anayekuja haziwezi, na pengo zinaloliacha hujazwa na yeyote aliye karibu.

Ungekuwa wewe ndiye mkurugenzi, ungemchukua mtu wa aina gani? (Msomaji, Des Moines)

Nilikuwa nangoja mtu aulize.

Ningemchukua aliyeshinda mahali pasipo na mvuto, kwa miaka mingi, akiwa yeye ndiye kocha mkuu. Sitaki mratibu wa mashambulizi wa timu bingwa ambaye kila wiki ana wachezaji bora kuliko mpinzani. Sitaki jina kubwa lililochoka. Kansas ilijaribu majina: Charlie Weis akapata ushindi 6 na vipigo 22, Les Miles mwenye ubingwa wa LSU akapata 3 na 18. Mwaka 2021 wakamchukua Lance Leipold kutoka Buffalo. Watu wakauliza ni nani huyo. Ni mtu aliyetwaa mataji sita ya daraja la tatu akiwa Wisconsin-Whitewater, ushindi 109, vipigo 6. Msimu wake wa tatu Kansas ilishinda mechi tisa.

Halafu Indiana. Hakuna chuo cha daraja la juu kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kuliko hicho katika historia. Msimu wa 2023 walishinda tatu. Wakamleta Curt Cignetti, miaka 62, kutoka chuo cha James Madison. Huyu mwaka 2011 aliacha kazi ya kocha msaidizi chini ya Saban pale Alabama, mahali ambapo wengine hukanyagana kuingia, akaenda kuwa kocha mkuu wa chuo cha daraja la pili kule Pennsylvania. Hakuwahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Alikuja Indiana na wasaidizi wake na wachezaji 13 wa James Madison, akashinda 11 msimu wa kwanza. Msimu wa 2025 hakufungwa na yeyote hadi akachukua ubingwa wa taifa.

Miaka yote hiyo Cignetti alikuwepo, rekodi yake iko wazi kwa kila mtu, na vyuo vikubwa vikampita kwa sababu ni mzee, hana tabasamu la televisheni, na hakuna tajiri aliyewahi kumsikia. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kwenye usaili nisingeuliza falsafa. Ningeuliza: wasaidizi wako wangapi wanakuja nawe, na majina yao? Nani anachagua mbinu ya kila shambulizi siku ya mechi? Kati ya wachezaji wako bora watano, wangapi uliwaona wewe kabla ya wengine? Naye akiwa mjanja atanirudishia swali moja: bajeti ya wachezaji ni kiasi gani? Tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote kwa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mkurugenzi anayetaka matokeo ya Indiana kwa bajeti ya mchango wa harusi asimfukuze mtu. Amwache aliyepo.

Kijana wangu anacheza ukuta wa mbele. Kocha aliyemsajili kafukuzwa jana. Ahame? (Mama, Dallas)

Asihame leo, mama. Kanuni humpa mchezaji dirisha maalumu la uhamisho kocha mkuu akiondoka. Zamani lilikuwa siku 30, sasa limefupishwa, kwa hiyo mpigie ofisa wa kanuni wa chuo akupe tarehe kwa maandishi. Akishaingiza jina kwenye orodha ya uhamisho, chuo hakilazimiki kumtunzia nafasi wala ufadhili wake, na kila mwaka wapo wanaoingia humo wasichukuliwe na mtu.

Amngoje kocha mpya aongee naye ana kwa ana. Makocha wapya hawana haya siku hizi: Deion Sanders alipofika Colorado aliwaambia wachezaji aliowakuta, kwenye kikao cha kwanza, waanze kutafuta pa kwenda, na zaidi ya 50 wakaondoka. Kijana akiambiwa hivyo, angalau anajua.

Wakala wa kwanza atakayepiga simu atataka asilimia na atataka saini usiku huo huo. Usimpe. Ipeleke karatasi kwa wakili kwanza, na huku kijana aendelee na mitihani yake, kwa sababu chuo kinachofuata kitaomba alama zake kabla ya kitu kingine chochote.