Ndege itakuchukua saa ngapi? Maswali yenu na majibu

Nimepima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, New York hadi Tokyo ni mstari wa kukata Pasifiki. Mbona ndege hupita Alaska?

Ramani ya ukutani ni bapa, dunia ni mviringo. Chukua tufe, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili hadi ukaze. Utauona wenyewe ukipanda kaskazini, ukipita Kanada na Alaska, kisha ukishuka Japani. Umbali unaotajwa kati ya viwanja viwili vya ndege ni wa uzi huo. Rula iache mezani.

Programu moja inasema London hadi New York ni maili 2,990, nyingine 3,440. Niamini ipi?

Zote mbili. Ya kwanza inatumia maili za baharini, ambazo marubani huzitumia pia (moja ni kilomita 1.852), ya pili, maili za nchi kavu (kilomita 1.609). Kwa kilomita ni kama 5,540.

Singapore hadi New York nitakaa ndani ya ndege muda gani?

Ni takribani kilomita 15,300, miongoni mwa safari ndefu kabisa za abiria zisizotua njiani. Ukigawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa utapata 17, ila ratiba huonyesha zaidi ya 18. Saa za ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, na humo mna kujongea hadi njia ya kurukia, kupanda na kushuka. Tena rubani hafuati uzi wetu siku zote. Hukwepa dhoruba, na kuna anga zilizofungwa: tangu 2022 ndege za Finland haziruhusiwi kupita juu ya Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa 9 hivi imefika takribani 13. Viwanja ni vilevile, umbali ni uleule. Ndiyo maana nawasihi: msipange safari kwa kilomita pekee.

Kwenda New York kutoka London ni saa 8, kurudi ni 7. Kwa nini?

Upepo. Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukirudi London unakusukuma, na ukienda New York unapambana nao. Wakati wa baridi huwa mkali zaidi.

Tiketi inasema naondoka Tokyo saa 11 jioni, nafika Los Angeles saa 4 asubuhi ya siku hiyohiyo. Wamekosea tarehe?

Hawajakosea. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Majira ya baridi Tokyo iko mbele ya Los Angeles kwa saa 17, na njiani unavuka mstari wa tarehe. Ongeza saa 10 za safari: Tokyo itakuwa saa 9 usiku wa kuamkia kesho. Toa 17, unarudi saa 4 asubuhi ya leo. Anayekuja kukupokea mpe tarehe ya Los Angeles.