Giant-Size X-Men namba 1: je, bado inafaa kusomwa?

Umeuliza kama toleo hili la katuni la 1975 lina maana kwa mtu aliyewajua X-Men, timu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, kupitia sinema. Lisome, tena polepole. Tangu 1970 jarida la X-Men lilikuwa likichapisha upya hadithi zake za zamani tu. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum ndio waliolifufua. Utamu wote uko nusu ya kwanza, Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anapozunguka dunia akikusanya timu mpya. Kule Siberia, Colossus, mmoja wa wanatimu hao wapya, anageuka chuma na kulizuia trekta lisimgonge dada yake mdogo. Kurasa za Kenya zinanigusa na kunikera kwa pamoja: Storm, mwanatimu mwingine mpya anayetawala hali ya hewa, anaombwa mvua, na mvua inakuja kweli, lakini wanakijiji wamebaki umati tu wa kumwabudu. Hata hivyo, kumwona mwanamke Mweusi katikati ya timu ya mashujaa mwaka ule halikuwa jambo dogo hata kidogo. Pambano na Krakoa, kile kisiwa chenye uhai, linaenda mbio mno. Ukimaliza, ingia namba 94 ya X-Men, anapoanza kuandika Chris Claremont.