Bwana Shamba Anajibu: Nyanya ndefu zisizozaa, na kijana wa Ujiji anayetaka kukunja shina

SWALI: Bwana Shamba, habari za kazi. Naishi Isevya, Tabora. Mwishoni mwa Machi nilipanda nyuma ya nyumba miche 24 ya nyanya. Niliinunua kwa muuza miche, aina yake siijui. Nimeweka samadi ya kuku na urea mara mbili. Sasa imenipita kimo, imesongamana hata kuku akiingia humo simwoni, lakini maua ni machache na mengi yanapukutika. Jirani yangu aliyewahi kulima tumbaku Sikonge anasema nikate vilele vyote, kama wanavyofanya kwenye tumbaku. Nikate?
Mama wa Isevya

JIBU: Dada yangu, weka kisu chini kwanza. Jirani yako anaijua tumbaku vizuri, ila nyanya haitafutiwi jani.

Mimi nimekulia Urambo, na kazi yangu ya kwanza shambani, kabla sijafika darasa la nne, ilikuwa kumfuata baba kwenye matuta wakati tumbaku inatoa maua. Baba alikuwa analivunja ua pamoja na vijani vya juu kabisa, ili chakula cha mmea kibaki kwenye majani, yapanuke na yawe mazito. Baada ya siku chache kila kwapa la jani lilikuwa limetoa chipukizi, nasi tukarudi mstari kwa mstari kuyang'oa. Niliuchukia sana mzunguko ule wa pili. Nilipokwenda chuo cha kilimo ndipo nikaelewa sababu yake: ncha ya mmea hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyalaza machipukizi ya pembeni. Ukiikata ncha, hakuna tena wa kuyalaza, yanaamka.

Kwa hiyo ukikata vilele 24 leo, mashina yako yatatoa matawi ya pembeni kila kona. Na wewe kichaka unacho tayari.

Jambo la kujua kwanza ni aina ya nyanya uliyonayo, kwa sababu nyanya ziko za namna mbili. Ziko fupi, kama Cal J na Roma VF, ambazo hufika kimo fulani, zikatoa shada la maua kwenye ncha na kusimama hapo. Hizo huzaa kwenye matawi yake mengi, ukiyapunguza umepunguza nyanya. Ziko ndefu, kama Moneymaker, ambazo haziachi kurefuka mpaka zife. Nenda kesho asubuhi uhesabu majani kati ya shada moja la maua na shada linalofuata juu yake. Ukikuta majani matatu, na ncha bado inachomoza majani mapya, ni ndefu. Ukikuta jani moja au mawili, na ncha imeishia kwenye ua, ni fupi. Kwa kuwa imekupita kimo, mimi naamini ni ndefu, lakini hesabu kwanza.

Ikiwa ni ndefu, tafuta fito za mita mbili, moja kwa kila mche, uzichimbie umbali wa kiganja kutoka kwenye shina usije ukakata mizizi. Chagua shina kuu. Kisha tazama chini ya shada la kwanza la maua: chipukizi lililo hapo huwa na nguvu kuliko mengine, unaweza kuliacha liwe shina la pili. Mengine yote yaliyotoka kwenye makwapa, yatoe. Lililo fupi kuliko kidole livunje kwa mkono, litakatika lenyewe bila kidonda kikubwa. Yaliyokwisha kuwa matawi kamili usiyatoe yote siku moja. Toa theluthi, subiri juma, toa mengine. Mmea uliovuliwa majani ghafla hupata shida, na matunda yaliyozoea kivuli huungua kwa jua la Tabora. Fanya kazi hii asubuhi umande ukishakauka. Majani yakiwa na maji, mikono yako itasambaza ugonjwa wa bakajani kutoka mche hadi mche.

Kufungia, tumia vipande vya khanga kuukuu. Pitisha kitambaa kwa umbo la namba nane, duara moja kwenye fito na jingine kwenye shina, uache nafasi ya kidole. Nimeona mashina mengi yaliyokatwa na kamba ya katani iliyokazwa na mtu aliyekuwa na nia njema.

Shina likifika juu ya fito, hapo sasa fuata ushauri wa jirani. Kata ncha, ukibakiza majani mawili juu ya shada la mwisho. Nguvu itarudi kwenye matunda yaliyopo.

Kuhusu maua kupukutika, samadi ya kuku na urea mara mbili ni chakula kingi mno cha majani. Mmea umeshiba, hauoni haja ya kuzaa. Acha urea kabisa. Tandaza nyasi kavu chini, kwa sababu udongo wetu wa kichanga haushiki maji, na kumwagilia leo sana kesho hakuna ndiko kunakoleta ule ugonjwa wa kuoza kitako cha nyanya. Mwagilia kwa kiasi kilekile, chini kwenye shina, si juu ya majani. Na saa nne asubuhi pita ukigonga kila fito kwa kijiti. Mtikisiko huo unaangusha chavua ndani ya ua.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uchungu. Jirani yako akija kukusaidia, na kama anavuta au bado anashika tumbaku, mwombe anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mche. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na kirusi cha batobato cha tumbaku huhama kwa mikono. Mwaka wangu wa pili kazini nilitoka kwenye ghala la tumbaku nikaenda moja kwa moja kumwonyesha mama mmoja jinsi ya kupunguza machipukizi. Baada ya majuma machache majani yalikuwa na mabaka ya kijani iliyoiva na kijani mbichi, yamejikunja. Hakunilaumu. Mpaka leo natembea na kipande cha sabuni mfukoni. Kwa sababu hiyohiyo ya ukoo, msimu ujao usipeleke nyanya kwenye kipande kilichotoka tumbaku, wala usizirudishe hapohapo. Panda mahindi au maharage kwanza.

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nipo Ujiji, Kigoma, nina miaka 22. Nimeona kwenye simu watu wa Kanada wanapanda bangi uani, wanakata ncha na kulikunja shina kwa kamba mpaka mmea unatanuka kama mwamvuli. Nami nina uwanja na ua wa miti wenye jua kutwa. Mche mmoja au miwili ya kwangu mwenyewe, kuna ubaya? Na hiyo kazi ya kukunja inafanyikaje?
Kijana wa Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza waziwazi, nami nitajibu hivyohivyo.

Kanada waliruhusu mwaka 2018, na sheria ya nchi yao inaruhusu hadi miche minne kwa kaya, ingawa jimbo la Quebec limekataa hata hiyo. Hiyo ni Kanada. Kwetu ipo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kulima bangi ni kosa, iwe ekari kumi au mche nyuma ya choo. Wapo Watanzania waliohukumiwa miaka 30 jela kwa kosa la kulima. Wewe una 22. Utatoka na 52, mama yako huenda hayupo. Siwezi kukufundisha hilo, na nakuomba usilijaribu.

Lakini ninachokiona kwenye barua yako ni kijana anayetaka kujua mmea unavyoongozwa kwa mkono. Hilo nalipenda sana, na ua wako unafaa kabisa kwa pasheni. Chagua ile ya njano. Ya zambarau hupenda nyanda za juu zenye baridi, Ujiji ni chini na kuna joto la ziwa. Ya njano ndiyo itakayokuvumilia.

Simika nguzo imara, vuta waya kwenye kimo cha mita mbili. Panda miche miwili au mitatu, iliyotoka kwenye mbegu tofauti, kwa sababu pasheni ya njano haijichavushi: ua linahitaji chavua ya mche mwingine. Pandisha shina moja tu kwa kamba, ukitoa kila chipukizi la pembeni. Siku ncha inapogusa waya, ikate. Hapo utayaona maelezo niliyompa mama wa Isevya yakitokea mbele ya macho yako: machipukizi mawili yataamka. Moja lilaze kwenye waya kushoto, jingine kulia. Yatatoa matawi yanayoning'inia kama pazia, na hayo mapya ndiyo yanayobeba matunda.

Maua yake hufunguka mnamo saa sita mchana. Ukiona nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao, usiwafukuze, ndio wachavushaji wako. Wasipokuja, chukua chavua kwa kidole kutoka ua la mche mmoja uipake kwenye ncha tatu za katikati ya ua la mche mwingine.

Shina likifika kwenye waya, niandikie. Baada ya mavuno ya kwanza kuna matawi ya kukata na ya kuacha, na hilo nitakueleza ukiwa na mmea mbele yako.