Shairi lisipite bila jibu

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje kundi lako la ushairi la WhatsApp lisizame kwenye salamu za asubuhi na picha za kusambazwa, maana watunzi wazuri wamenyamaza. Usikimbilie kuongeza masharti. Mtunzi hunyamaza akiweka tungo aliyoikeshea akaambulia vidole gumba vitatu.

Anza na desturi moja: shairi likiwekwa, anayelisifu au kulikosoa ataje mahali. Mfano, mtu ameandika, "Nimefika barazani, naomba mnikaribishe." Badala ya "hongera malenga", mwambie utao, yaani kipande cha pili cha mshororo, una mizani (silabi) 9, kwa sababu ile "m" ya "mnikaribishe" inahesabiwa peke yake, akisema "nikaribishwe" anapata 8 na mshororo unatimia 16. Jibu la namna hiyo linamfundisha yeye na wengine wote wanaosoma kimyakimya. Linalopendeza zaidi ni kumjibu kwa shairi, kwa bahari ileile, yaani aina ileile ya utungo, na vina vilevile, yaani silabi zilezile za mwisho wa vipande. Malumbano ya washairi wetu yalikuwa magazetini tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, na watu walipingana vikali bila kuacha kuhesabu mizani.

Salamu zifungulie kundi lake pembeni, watu wanazihitaji. Anayetukana mfuate faragha kwanza. Ukimkaripia mbele ya kadamnasi, siku nzima itaishia kwenye ugomvi huo. Na wewe msimamizi, kwa mwezi wa kwanza jibu kila tungo mwenyewe, hata ya mwanagenzi ambaye vina vinampiga chenga. Hasa yake.